Vikombe 12 vya kuonja, na wanzuki katikati

*"Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora mjini, nina miaka 34 na uzito wa kilo 60. Si mnywaji. Mwisho wa mwezi nikitoka na wenzangu nakunywa bia moja, nikizidisha sana ni mbili. Mwezi ujao kuna tamasha la siku moja la bia za viwanda vidogo na pombe za asili. Ukilipa kiingilio unapewa kikombe cha mililita 100 na kadi ya kuonja aina 12, kuanzia saa 8 mchana mpaka saa 11 jioni. Wifi yangu ameshanilipia. Anasema vikombe vyenyewe ni kama vya kahawa, haviwezi kumlewesha mtu mzima, ninywe tu maziwa kabla na kahawa mwishoni. Mume wangu haziamini hizo za kienyeji, anasema zinapofusha. Mimi ninachoogopa ni wanzuki, ile pombe ya asali, maana nasikia ukikaa huisikii, ukisimama ndiyo inakushika. Nitakwenda na pikipiki yangu. Niende? Na nikienda, nifanyeje nisije nikajiaibisha mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu?"*

Marahaba, mwanangu. Nenda. Natanguliza jibu kwa sababu swali lako linasomeka kama la mtu aliyekwisha kuamua, ila anataka mtu amwambie kwamba hofu yake ina msingi. Ina msingi. Kati ya nyinyi watatu wewe ndiye uliyeona vizuri zaidi, isipokuwa kwenye hiyo pikipiki, na hapo nitakuja.

Tuanze na wifi yako na vikombe vyake vya kahawa. Kikombe kimoja ni kidogo kweli, lakini 12 vinafika lita 1 na mililita 200. Chukua chupa ya kawaida ya baa, ile ya nusu lita, yenye kilevi cha asilimia 5. Ndani yake mna mililita 25 za kilevi chenyewe, na ukizipima kwa mizani ni karibu gramu 20. Kishike kipimo hicho: chupa moja, gramu 20. Bia za viwanda vidogo mara nyingi hazibaki kwenye asilimia 5. Ile inayoitwa IPA, chungu, yenye harufu kama maganda ya machungwa, kwa kawaida inakuwa na asilimia 6 au 7, na ziko nyingine zinazopita hapo. Tukikadiria wastani wa 6, kadi yako nzima ina gramu 57, yaani chupa tatu kasoro kidogo. Wewe mwenyewe umeniambia kiwango chako ni moja.

Halafu usiruhusu rangi ikudanganye. Watu wengi wakiona bia nyeusi wanaiogopa, wakiona ya njano wanaikaribisha. Weusi unatokana na nafaka iliyokaangwa mpaka ikaungua kidogo, kama buni ya kahawa, na hauna uhusiano na nguvu. Guinness Draught ni nyeusi tititi na ina asilimia 4.2 tu, wakati bia ya rangi ya dhahabu inaweza kuwa na 8. Kinachokuambia ukweli ni namba kwenye ubao wa muuzaji. Kwa bia hizi namba ipo, kwa sababu mpishi wake amepima. Kwa pombe za asili mara nyingi haipo, na huko ndiko ninakotaka tukae kidogo.

Nimelelewa Sikonge, na bibi yangu alikuwa akipika wanzuki. Alikuwa na mtungi mkubwa aliouziba kwa kipande cha gunia, na kila asubuhi kabla ya kwenda shamba alikuwa anafunua, anainamisha sikio mdomoni mwa mtungi, anasikiliza. Nilipokua kidogo akaniita nisikilize na mimi. Ndani mlikuwa na sauti kama mvua ya mbali ikipiga majani. Alisema, "Bado inafanya kazi." Miaka mingi baadaye, nikiwa maabara na haidromita, kipimo cha sukari iliyobaki kwenye pombe, mkononi, nilielewa kwamba bibi alikuwa anasikiliza kitu kilekile ninachokisoma mimi kwenye kijiti cha kioo.

Asali ina sukari karibu asilimia 80. Katika chupa iliyofungwa haichachuki, hata ikae miaka, kwa sababu maji yake ni machache mno. Chachu ikiingia humo asali inainyonya maji mpaka inashindwa kuishi. Ukiizimua kwa maji, chachu inaamka. Inaweza kuwa imetoka kwenye asali yenyewe, kwenye machicha ya pombe iliyopita, kwenye kuta za mtungi, au siku hizi kwenye pakiti ya hamira ya dukani. Inakula sukari na kutoa vitu viwili, takriban nusu kwa nusu kwa uzito: kilevi, na gesi ya kaboni dayoksaidi. Ile mvua ya bibi ilikuwa gesi. Na Tabora, hasa miezi ya joto kabla ya mvua, kazi hiyo inakwenda mbio.

Sasa tupige hesabu. Ndoo ya maji ya lita 20 ikitiwa kilo 2 za asali, hata chachu ikimaliza sukari yote, pombe itaishia kwenye asilimia 4 na ushee. Ni bia nyepesi. Ndoo hiyohiyo ikitiwa kilo 5, ikiachwa mpaka ikaiva kabisa, itafika karibu asilimia 10. Zote mbili zinaitwa wanzuki. Zote zina rangi moja, zinauzwa kwenye meza moja, na kikombe kimoja cha ile ya pili kina gramu 8 za kilevi, mara mbili ya kikombe cha bia ya kawaida. Na ile ya kilo 5 siku ya tatu haifanani na ile ya siku ya kumi, maana bado inafanya kazi.

Utaniuliza, si nitajua kwa ulimi? Hapo ndipo wengi wanapokamatwa. Kwa kawaida sukari inavyoliwa utamu unapungua, kwa hiyo wanzuki iliyoiva yenyewe ni kavu, ina ukali wa kuchoma kidogo kooni. Lakini wateja wanapenda tamu, na wapishi wengi huongeza asali au sukari siku ya kuuza. Utamu unarudi, kilevi kiko palepale, na ulimi wako unakuambia unakunywa sharubati. Kwa hiyo uliza. Mpishi wa kweli anapenda kuulizwa, na ukiuliza kwa heshima atakueleza mpaka utachoka: asali kilo ngapi kwa ndoo, imeanza lini, na maji yamechemshwa? Hilo la mwisho usilisahau. Pombe ya mtama au ya ulezi inapita motoni, lakini wanzuki mara nyingi ni asali na maji tu, na kilevi cha asilimia 5 hakitoshi kusafisha maji machafu. Watu wengi wanaosema wanzuki imewaharibu tumbo, kilichowaharibu ni maji au kopo lililopita midomo 20. Umeambiwa utapewa kikombe chako; kishike wewe mpaka mwisho.

Na ule msemo wa ukikaa huisikii? Wanaousema wameona kweli, ila sababu wanaikosea. Wengine wanadai pombe inaendelea kuchachuka tumboni. Hapana, tumbo lina asidi kali na muda ni mfupi mno kwa chachu kufanya jambo la maana. Kinachotokea ni hiki. Kilevi hakifiki kwenye damu papo hapo. Tangu unywe mpaka kifike kilele inaweza kuchukua nusu saa, inaweza kuchukua saa nzima na zaidi kama umekula. Umekaa kwenye kiti cha plastiki, mnapiga soga, mwili hauna kazi ya kujishikilia. Vikombe vitatu vya mwisho bado viko njiani. Kisha unasimama. Sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshika mizani ya mwili inaitwa kazini ghafla, na tayari imelegea. Mishipa ya damu nayo imetanuka, damu inashuka miguuni, kichwa kinakuwa chepesi. Bia inafanya hivyohivyo. Wanzuki imepata sifa hiyo kwa sababu inanyweka haraka, na kwa sababu hukuijua nguvu yake.

Kwa hiyo dawa ya hofu yako ni muda. Kuwa mtu wa kusimama. Kila baada ya vikombe viwili inuka, zunguka meza, nenda kasalimie. Mwili utakupa taarifa mapema badala ya kukutangazia mbele ya wazazi.

Maziwa yanasaidia kwa sababu ni chakula, na kwa hapo tu. Hayapaki tumbo rangi. Kilevi kingi kinaingia kwenye damu kupitia utumbo mwembamba, na tumbo likiwa na chakula, mlango wa kuingilia huko unafunguka polepole. Ndiyo maana ugali na nyama, au wali maharage, ukila saa 7 mchana, utakutumikia kuliko glasi ya maziwa. Lakini elewa kwamba chakula kinapunguza kasi na kushusha kilele, hakifuti gramu. Kahawa haina hata hilo. Ini linasafisha kilevi kwa mwendo wake, kadiri ya gramu 7 mpaka 10 kwa saa, na hakuna kahawa, limau, maji baridi wala jasho la kucheza muziki litakalolihimiza. Kahawa itakufanya usisinzie. Utakuwa mlevi aliye macho, na huyo ni wa hatari zaidi kwa sababu anajiamini.

Chukua basi ile kadi nzima, gramu 57. Ini likisafisha gramu 8 kwa saa, litahitaji saa 7. Ukianza saa 8 mchana, utakuwa safi karibu saa 3 usiku, na hapo nimehesabu kana kwamba wanzuki haipo kwenye kadi. Sheria yetu ya barabarani inaweka mpaka kwenye miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Mwanamke wa kilo 60 aliyemaliza kadi hiyo kwa saa tatu atakuwa ameupita mpaka huo wakati wa kuondoka, hata kama anaongea vizuri na anajua jina la kila mtu. Wanawake kwa uzito uleule tunabeba maji machache mwilini kuliko wanaume, kwa hiyo kikombe kilekile kinakolea zaidi kwetu. Usijipime na shemeji zako.

Pikipiki iache nyumbani. Sisemi uende nayo halafu uiache hapo uwanjani ukijiona umezidi, kwa sababu saa 11 jioni anayeamua kama umezidi ni ubongo uleule uliokwisha kunywa. Tafuta bodaboda unayemfahamu, mpangie saa ya kukufuata, na awe anatoka kijiweni kwake, asiwe mmoja wa wale wanaosubiri abiria getini huku wanapokezana kopo. Nimezika mtoto wa jirani kwa sababu ya safari ya kilomita mbili, barabara aliyoipita kila siku ya maisha yake. Silitaji kukutisha. Nalitaja kwa sababu kati ya yote uliyoniandikia, hilo ndilo pekee ambalo likienda vibaya halirudi.

Mume wako hakosei kuogopa upofu, ila ameuweka kwenye kinywaji kisicho chake. Kinachopofusha ni methanoli. Ini linaigeuza kuwa asidi ambayo inashambulia mshipa wa macho. Pombe iliyochachushwa tu, iwe wanzuki, kangara, ya mtama, mbege au rubisi ya ndizi, ina methanoli kidogo sana, isiyofika kudhuru macho. Hatari inaanza pombe inapokenekwa bila ujuzi, na zaidi sana pale mtu anapoongeza spiriti ya viwandani ili ikaze. Huko ndiko gongo iliko, na sheria yetu imeipiga marufuku tangu zamani. Kwenye tamasha, kitu chochote cheupe kama maji kinachotolewa kwenye chupa isiyo na lebo, tena chini ya meza, usikionje hata kwa ncha ya ulimi. Mwambie mume wako hivyo, na kama anaweza, naye aje. Mtu mmoja asiyekunywa kwenye kundi ni hazina.

Sasa nifanye mpango wako kama ningekuwa mimi. Kwenye aina 12 ningechagua 6: bia tano ambazo siwezi kuzipata baa ya mtaani kwangu, na wanzuki moja. Ningeomba nusu kikombe kila mara. Hizo ni gramu 16 au karibu yake, chini ya chupa moja, na utakuwa umeonja zaidi ya wengi watakaomaliza kadi, kwa sababu baada ya kikombe cha saba ulimi wa mtu hauonji tena, unapokea tu. Waonjaji wa divai hutema kwenye ndoo na hakuna anayewashangaa. Wa bia hupenda kumeza kidogo, kwa kuwa uchungu wake husikika vizuri zaidi ukimeza, lakini kinachobaki wanamwaga.

Najua kwetu kumwaga pombe ya mtu mbele ya macho yake si jambo jepesi. Mama aliyekesha na mtungi wake anaweza kuumia, na ana haki. Ndiyo maana nakuambia uombe kidogo tangu mwanzo: "Mama, nitilie robo tu, nimekuja kuonja, nataka nifike kwa wote." Hakuna mpishi atakayekukatalia, na ukirudi kumwambia ulichokisikia, kwamba asali ni ya miombo, nzito, ina kaharufu ka moshi, utakuwa umempa zaidi ya aliyemaliza lita.

Wengi watakushauri wanzuki iwe ya mwisho kwa kuwa ni tamu na nzito. Kwa ladha wako sahihi. Kwako wewe mimi naiweka katikati, kama saa 9 na nusu, ukiwa umekula, kisha ukae nusu saa na maji na karanga kabla ya kugusa kingine. Ukiiacha iwe ya mwisho, kilele chake kitakukuta njiani. Maji yawe kikombe kwa kikombe. Kilevi kinaizuia homoni inayoziambia figo zihifadhi maji, ndiyo sababu utakwenda msalani mara nyingi kuliko ulivyokunywa, na ndiyo sehemu ya kichwa cha kesho yake.

Iko hali moja ambayo ningekuambia usionje kabisa: kama una mimba, au unadhani inawezekana. Vilevile kama unatumia Flagyl, subiri siku mbili kamili baada ya kidonge cha mwisho. Kwa dawa za kifua kikuu, kisukari, kifafa au usingizi, zungumza kwanza na mfamasia au daktari wako ana kwa ana, maana mimi hapa sioni cheti chako.

Na asubuhi yake tafadhali usizimue. Bia ya asubuhi inaahirisha maumivu tu na kuliongezea ini foleni. Supu, maji, usingizi. Lakini kuna jambo ninalolisema kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimeliona mara nyingi mno hapa kwetu. Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi Tanzania bara. Mtu anatoka kwenye sherehe, siku ya pili kichwa kinamgonga, viungo vinauma, wote wanasema ni pombe, anaachwa alale. Uchovu wa pombe unaisha ndani ya siku moja na hauleti homa. Ukiona joto limepanda, au siku ya pili imefika na bado, nenda kituo cha afya ukapimwe.

Kama mwenzenu yeyote ataonekana haamki mkimtikisa, anapumua kwa kusitasita, anatapika akiwa usingizini au mwili umepoa, mlazeni kwa ubavu, msimwache peke yake, msimmwagie maji, na mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Na mtu yeyote anayesema anaona ukungu, hata kama ni siku inayofuata, asisubiri kupambazuke. Aende na aseme wazi alichokunywa. Daktari hatamshtaki, na dalili za methanoli huchelewa, mara nyingi saa 12 mpaka 24.

Ukiipenda wanzuki ya mtu ukataka kubeba lita moja nyumbani, ibebe kwenye dumu la plastiki, usitumie chupa ya kioo, na mfuniko usiukaze. Iache ipumue njiani, na ukifika itie kwenye friji. Asali ikiwa haijaisha humo ndani, gesi inaendelea kutoka, na chupa ya kioo iliyofungwa kisawasawa inaweza kupasuka kabatini usiku. Kabla hujaimimina kesho yake, fungua taratibu, weka sikio.